Kusomea muziki wa kisasa na biashara yake: kwa vijana wa Mtwara na Lindi

Kozi nzuri ya muziki wa kisasa ina pande mbili: kutengeneza wimbo na kuumiliki. Wanafunzi wengi hung'ang'ania upande wa kwanza, maana ndiko kwenye maiki, kompyuta na jukwaa. Kipindi cha mikataba kikipangwa mchana baada ya chakula, nusu ya darasa haipo. Baadaye wimbo unapigwa kwenye kila bajaji kutoka Shangani hadi Mikindani, na aliyeuimba hana karatasi hata moja inayosema ni wake. Kwa hiyo ukichagua chuo, chagua kinachofundisha pande zote mbili, na wewe mwenyewe usiukimbie ule wa pili.

Mahali panapojulikana zaidi ni TaSUBa, Bagamoyo, chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981 na kuwa taasisi mwaka 2007. Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy, iliyoanza mwaka 2002, ambako taarabu na ngoma hufundishwa pamoja na ala za kisasa. Aliyekulia kwenye qaswida za Kilwa au Lindi mjini huenda akajikuta nyumbani pale kuliko Bagamoyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina Idara ya Sanaa Bunifu kwa anayetaka shahada. Vyuo vya binafsi vipo, vingine vizuri, vingine ni studio iliyobandikwa kibao. Kwa hivyo vya binafsi, kitu cha kwanza kuangalia ni usajili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi. Mfumo wa kawaida unaanza na astashahada ya awali, yaani NTA ngazi ya 4, unapanda ya 5, halafu stashahada ngazi ya 6. Kuingia ngazi ya 4 kwa kawaida kunahitaji ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na masomo ya dini hayahesabiwi. Wapo wanaokwenda na D tatu na Elimu ya Dini ya Kiislamu au Bible Knowledge, wakarudishwa. Hesabu vyeti vyako kabla hujalipa fomu.

Ukishajua chuo kimesajiliwa, piga simu uulize maswali ambayo hayapo kwenye tangazo. Mwanafunzi mmoja hupata saa ngapi za studio kwa wiki, akiwa yeye ndiye ameshika panya ya kompyuta? Ukijibiwa "mnaingia kwa makundi", uliza kundi lina watu wangapi. Watu 20 mbele ya kompyuta moja kwa saa mbili ni dakika sita kila mmoja, na dakika sita hazimfundishi mtu kuchanganya sauti. Uliza pia kama somo la biashara linaishia kwenye mtihani wa karatasi au kwenye kazi halisi: wimbo uliosambazwa, shoo iliyofanyika, hesabu zilizofungwa. Halafu uliza michango yote nje ya ada: bima, hosteli, vifaa, sare za maonyesho. Mara nyingi hiyo ndiyo inayomrudisha mtu nyumbani, wala siyo ada yenyewe.

Kuhusu pesa, sisi wa kusini tuna kalenda yetu. Muhula wa kwanza kwa kawaida huanguka Septemba au Oktoba, wakati minada ya korosho ndiyo kwanza inaanza na mzee bado anasubiri malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Omba kwa barua, mapema, kulipa kwa awamu, na awamu kubwa uiweke Desemba au Januari. Vyuo vingi hukubali wakiombwa kabla ya kufungua. Mwanafunzi akishaanza kudaiwa ndipo mazungumzo yanapokuwa magumu.

Sasa maandalizi. Usisubiri chuo kikufundishe kusikia. Aliyeimba kwaya Masasi au Ndanda akasoma do-re-mi ubaoni tayari ana nusu ya nadharia. Abaki kujifunza tu kuihamishia kwenye kinanda. Kinanda kidogo cha funguo 25 kinatosha kuanzia, ingawa 49 ni bora kwa mikono miwili. Lenga vitu vitatu kabla ya kufungua chuo: skeli kubwa (meja) za C, G na F kwa mikono yote miwili, kupiga kodi za I, IV na V, yaani sauti tatu kwa pamoja zinazojengwa juu ya noti ya kwanza, ya nne na ya tano ya skeli hizo, na kuimba noti uliyoisikia bila kuitafuta. Dakika 30 kila siku zinazidi saa nne za Jumamosi, kwa sababu sikio huzoea kwa kurudiarudia.

Aliyekulia kwenye sindimba ana mtaji mwingine: anaweza kuhisi midundo miwili inayopishana bila kuhesabu. Chuoni utatakiwa kuieleza kwa namba, basi zoea hesabu hii. Gawa 60,000 kwa kasi ya wimbo, yaani idadi ya mapigo kwa dakika, unapata urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Wimbo wa kasi ya 100 una pigo la milisekunde 600. Mwangwi ukiuweka kwenye 300 au 600 unakaa ndani ya mdundo, ukiuweka 430 kwa kubahatisha unaleta vurugu ambayo msikilizaji anaihisi bila kujua inatoka wapi. Singeli ya kasi ya 240 ina pigo la milisekunde 250 tu, ndiyo maana mwangwi mrefu huigeuza uji.

Vifaa vya kwenda navyo ni vichache. Laptopu yenye RAM ya GB 16 (8 inavumilika ukiwa na subira), diski ya SSD, hedifoni zilizofungwa nyuma, saundi kadi (kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta) ya matundu mawili, na maiki moja. Kama chumba chako kina kelele, chukua maiki ya dainamiki kama Shure SM58. Ya kondensa ina sauti nzuri zaidi lakini inanasa jogoo, feni na mvua kwenye bati, na inahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundi kadi. Ukisahau kubonyeza kitufe cha umeme huo, maiki inakaa kimya na utadhani imekufa. Programu ya kurekodia usiivunje. Zile za kuiba huleta virusi, na huzima siku ya kuwasilisha kazi. Reaper unaijaribu bure siku 60, na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60. FL Studio inatumika sana na maprodyuza wetu, basi ukiijua hutashindwa kufanya kazi studio za mtaani.

Unaporekodi, weka biti 24 na kilohezi 48, na sauti ya juu kabisa iishie kati ya desibeli -12 na -6. Kosa la mitaani ni kupandisha hadi taa nyekundu iwake ili "isikike". Sauti iliyopasuka kwa namna hiyo hairudi, hata kwa programu ya milioni moja. Mwimbaji akilalamika kwamba anajisikia kwa kuchelewa, shusha bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukichakata, hadi sampuli 128. Kwa kilohezi 48 hiyo ni kama milisekunde 2.7 kwa upande mmoja. Wakati wa kuchanganya ipandishe hadi 1,024 ili kompyuta ipumue.

Na trei za mayai ukutani, jamani, tuachane nazo. Haziwezi kumeza besi, na zinashika moto haraka. Kinachomeza sauti ni kitu kinene chenye matundu ambamo hewa inapenya: godoro, mablanketi mazito yaliyokunjwa, au fremu za mbao za unene wa sentimita 10 zilizojazwa usumba na kufunikwa kitambaa. Usumba Lindi haukosekani. Anza na pembe za chumba na ukuta ulio nyuma ya mwimbaji, maana maiki inatazama huko. Pwani yetu ina adui mwingine, chumvi ya hewani. Hula soketi za waya, na unyevu ukiingia kwenye maiki ya kondensa unaanza kusikia mikwaruzo kama mafuta ya kukaangia. Ihifadhi kwenye boksi linalofungwa vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, uvibadilishe vikichoka.

Turudi kwenye karatasi, ambako ndiko hasa chuo kinaweza kukusaidia. Wimbo mmoja una mali mbili. Ya kwanza ni utunzi: maneno na melodi. Ya pili ni rekodi yenyewe, ile masta. Mwenye maneno anaweza kuwa mtu mmoja, mwenye masta mwingine kabisa. Mtaani watu husema tu "wimbo wangu", halafu prodyuza naye anasema "biti yangu", na wote wawili wana sehemu ya ukweli. Dawa ni karatasi moja ya mgawanyo inayosainiwa siku ya kurekodi, kabla mtu hajajua kama wimbo utapendwa. Iwe na jina la wimbo, tarehe, majina ya kwenye kitambulisho pamoja na ya kisanii, nani kaandika nini, asilimia za utunzi zinazofika 100, asilimia za masta zinazofika 100, na saini. Mfano: mwandishi wa maneno na melodi asilimia 50 ya utunzi, mtengeneza biti 50, masta asilimia 100 ya msanii kwa sababu alimlipa prodyuza pesa yake yote. Kama hakulipa, masta ijadiliwe upya. Ukingoja wimbo upasuke ndipo mjadili, kila mmoja atakumbuka alifanya asilimia 70.

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi inalindwa tangu inapoundwa, na ulinzi unaendelea maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hakukuumbii haki, kunakupa ushahidi, na ushahidi ndio unaotakiwa mkifika kwa mwanasheria. Jiunge pia na taasisi inayokusanya na kugawa mirabaha, yaani malipo ya kutumiwa kwa kazi yako, la sivyo redio ikipiga wimbo wako hakuna jina la kulipwa. BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ni kwa usajili wako kama msanii na vibali vya maonyesho. TIN, namba ya mlipakodi, kutoka TRA ichukue mapema. Kampuni inayotaka kukulipa kwa tangazo haitakungoja.

Wanaochukua sauti za sindimba au mapiko (ngoma ya vinyago) na kuzipachika kwenye biti wajue hili: ngoma ya jadi haina mtunzi mmoja, lakini kikundi kilichopiga siku ile kina hakishiriki juu ya upigaji wake, na sheria ina sehemu inayohusu sanaa za jadi. Nenda kwa kikundi chenyewe, tuseme Newala, na karatasi, waambie sauti itatumika wapi, walipe, wasaini. Kikundi kinachoheshimiwa hukuita tena.

Kwenye kusambaza, kila rekodi hupewa namba ya ISRC, kitambulisho chake cha kimataifa, yenye herufi na tarakimu 12. Iandike kwenye daftari. Ukihama msambazaji (kampuni inayoufikisha wimbo Spotify na kwingineko) na kupakia wimbo uleule kwa namba mpya, hesabu ya wasikilizaji inaanza sifuri. Ukitumia ileile, kwa kawaida inafuata. Pakia WAV, picha ya jalada ya pikseli 3,000 kwa 3,000, wiki tatu au nne kabla ya tarehe ya kutoka. Spotify inataka angalau siku 7 ili wimbo uingie kwenye orodha za wafuasi wako, na tangu 2024 wimbo usiofika kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi mirabaha ya rekodi. Kabla hujamlipa msambazaji yeyote, hakikisha anaweza kukutumia pesa ukiwa Tanzania. Huduma nyingine za mtandaoni hukuruhusu kulipa lakini siyo kupokea. Hata kila kitu kikienda sawa, pesa ya mwezi huu hufika baada ya miezi miwili au mitatu.

Biti za bure za YouTube zina mtego wake. Nyingi hutolewa au hukodishwa kwa watu wengi kwa wakati mmoja. Ukisajili wimbo wako kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua sauti ya mwenye haki, unaanza kudai video za wengine waliotumia biti hiyohiyo, wanalalamika, na akaunti yako ndiyo inayofungiwa. Kwa biti ya kukodi, usiwashe Content ID. Kama unaitaka, nunua biti yote kwa mkataba.

Mkataba wa meneja au lebo usomwe sehemu tatu kwanza: muda, masta zinabaki kwa nani muda ukiisha, na gharama gani zinakatwa kabla ya mgawo. Asilimia 20 ya pesa iliyoingia na asilimia 20 ya pesa iliyobaki ni vitu viwili tofauti sana. Shoo ya 1,000,000 yenye gharama ya 600,000 humpa meneja 200,000 kwa hesabu ya kwanza na 80,000 kwa ya pili.

Kazi bora ya kufungia somo la biashara, kwa mwanafunzi wa kwetu, ni kuandaa shoo nyumbani wakati wa msimu wa korosho, pesa ikiwa mikononi mwa watu. Andika bajeti kabla ya bango. Tuseme Masasi: ukumbi 300,000, vyombo na jenereta 500,000, msanii mwalikwa 600,000, ulinzi na vibali 200,000, gari la matangazo na redio 250,000. Jumla 1,850,000. Kiingilio kikiwa 5,000, unahitaji watu 370 ili tu usidaiwe. Kama ukumbi unaingiza 300, umeshapata hasara kabla geti halijafunguliwa, hata pakijaa. Kwa 7,000 unahitaji 265, ambao wanaingia. Swali linalobaki ni kama watu wa Masasi watalipa 7,000 kwa msanii huyo, na jibu utalipata kwa kuuza tiketi 50 za mapema kabla hujampa promota mwenzako au msanii malipo ya awali.