Tuhesabu kinachobaki

Mhariri, mmeuliza: "Gharama za matibabu zikiendelea kupanda kuliko mapato, tutazimudu mpaka lini?" Naona wengi hutishwa na asilimia. Mimi naomba tuhesabu kinachobaki baada ya matibabu kulipiwa.

Tuseme nchi ina pato la 100, na 10 zinakwenda kwenye afya. Pato likue kwa asilimia 2 kwa mwaka, gharama za afya kwa asilimia 4. Baada ya miaka 30 pato limefika 181, afya inakula 32. Fungu la afya limepanda kutoka asilimia 10 hadi karibu 18, habari ya kutisha ukiisoma hivyo, lakini kilichobaki kimetoka 90 hadi 149. Hapo tunamudu, tena vizuri. Sasa pato likue kwa asilimia 1 tu. Kinachobaki kinajikongoja hadi 102 hivi kufikia mwaka wa 32, kisha kinaanza kupungua. Bili ni zilezile. Uchumi ndio uliolegea.

Ndiyo maana Marekani, iliyotumia takriban asilimia 5 ya pato lake kwa afya mwaka 1960 na leo inatumia zaidi ya 17, haijafilisika. Inauziwa dawa na huduma kwa bei ya kukomoa kuliko nchi nyingine tajiri, hilo halina ubishi, lakini haijafilisika.

Mchumi William Baumol alikwisha kueleza tangu miaka ya 1960 chanzo kimojawapo cha gharama hizi kupanda. Mashine zikiongeza tija viwandani, mishahara hupanda. Muuguzi hawezi kusafisha vidonda vya watu kumi kwa muda wa mmoja, ila mshahara wake nao usipopanda ataacha kazi. Kwa hiyo sehemu ya ongezeko ingekuwapo hata tungefukuza wezi wote wa dawa. (Wafukuzwe vilevile.)

Linaloninyima usingizi ni kwamba ile 149 ni ya taifa zima. Mwenye mshahara uliosimama anaishi katika hesabu mbaya kuliko hata ile ya pili: mchango wa bima unapanda, kipato hakisogei. Asiye na bima hulipa taslimu, basi hununua nusu ya dozi na kuahirisha vipimo, na ugonjwa ukishakomaa tiba yake huwa ghali zaidi. Ningeanza na michango inayolingana na kipato cha mtu, kisha ununuzi wa dawa wa pamoja ili kubana bei. Kupunguza huduma ningekuacha mwisho, na hapo ningegusa kwanza vile vipimo ambavyo majibu yake hayabadilishi tiba hata kidogo.