Kamera za kutambua nyuso darasani: tenganisheni kazi tatu kabla ya kusaini

Mleta mada, umeuliza hivi: muuzaji ameiletea bodi ya shule pendekezo la kufunga kamera za kutambua nyuso madarasani. Ameahidi mahudhurio bila daftari, ulinzi, na ripoti ya "umakini" wa kila mwanafunzi. Mkubali au mkatae? Wadau waliotangulia wamegawanyika, wengine wanasema teknolojia haikwepeki, wengine wanasema huo ni upelelezi. Kwa maoni yangu swali haliwezi kujibiwa likiwa limefungwa hivyo, kwa sababu ndani ya pendekezo hilo moja kuna kazi tatu zisizofanana hata kidogo.

Kazi ya kwanza ni uthibitisho mlangoni: mtoto anasimama mbele ya kifaa, anatazama, kifaa kinasema ni yeye. Ya pili ni utambuzi wa jumla: kamera ya ukutani inamtafuta kila aliyemo chumbani, naye hajafanya lolote. Ya tatu ni kusoma hisia: programu inautazama uso na kudai kwamba huyu anasikiliza, yule amechoka. Kwanza mwambieni muuzaji avunje bei yake katika mafungu hayo matatu. Msimjibu chochote kabla hajafanya hivyo.

Tuanze na ya tatu, maana haihitaji mjadala mrefu. Ikataeni. Mwaka 2018 shule moja ya sekondari ya Hangzhou, China, ilifunga kamera zilizokuwa zikipiga nyuso za wanafunzi kila baada ya sekunde 30 na kuzipanga kwa hisia. Kinachodaiwa kupimwa hapo hakipimiki kwa njia hiyo. Mwaka 2019 mwanasaikolojia Lisa Feldman Barrett na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti zaidi ya 1,000 na kuonyesha kwamba sura ya uso haitoi jibu la kuaminika kuhusu hisia za mtu. Mtu mwenye hasira, kwa mfano, hukunja uso kama mara 30 tu kati ya 100. Mwalimu yeyote anajua mtoto anayefikiri kwa bidii hutazama dirishani au hukunja paji la uso, na mtoto aliyezoea kamera hujifunza upesi kukodolea ubao macho matupu. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya akili bandia ya 2024, umepiga marufuku mifumo ya kutambua hisia mashuleni na kazini, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama, na katazo hilo lilianza kutumika tarehe 2 Februari 2025.

Sasa kazi ya pili, kamera ya ukutani. Hapa wengi hudanganyika kwa onyesho la muuzaji, ambalo kwa kawaida hufanyika ofisini, watu watatu wakiwa mita moja kutoka kwenye lenzi. Darasani hesabu ni nyingine. Chukua kamera ya kawaida yenye upana wa pikseli (nukta za picha) 1,920 na lenzi ya nyuzi 90 ili ione chumba kizima. Kwa umbali wa mita 6, picha yake inafunika upana wa mita 12. Gawanya, unapata pikseli 160 kwa kila mita. Mboni mbili za macho ya mtoto zimetengana sentimita 5 hadi 6, kwa hiyo kwenye picha zimetengana pikseli 8 hadi 10. Kiwango kinachotajwa sana kwa utambuzi wa kuaminika ni 60. Ukinunua kamera ya pikseli 3,840 unapata 16 hadi 19, bado ni robo au theluthi ya kinachohitajika. Ukibana lenzi ya kamera hiyo hadi nyuzi 30, unafika 60 hadi 72, lakini sasa kamera inaona upana wa mita 3 na kidogo tu, kwa hiyo unahitaji kamera kadhaa kwa kila chumba. Na hapo nimechukulia kwamba mtoto anaitazama kamera. Mtoto anayeandika ameinamisha kichwa; kamera iliyo juu karibu na dari inaona utosi wake.

Mwanga nao. Kifaa kikielekea dirisha au mlango ulio wazi, kamera hupunguza mwanga ili anga lisiungue, na uso unabaki kivuli. Ngozi nyeusi ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu maelezo yote ya uso yanaporomokea kwenye giza la picha. Hili linaweza kupunguzwa kwa kugeuza kifaa kitazame ndani na kuongeza taa laini upande wa mbele wa uso. Lisilorekebishika na fundi ni mafunzo ya programu yenyewe. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha mwezi Desemba 2019 matokeo ya kupima programu nyingi za utambuzi wa nyuso: kwa nyingi kati ya hizo, makosa ya kumchanganya mtu na mwingine yalitofautiana mara 10 hadi 100 na zaidi kati ya makundi ya watu, viwango vikiwa juu kwa nyuso za watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki. Watoto na wazee pia walichanganywa zaidi kuliko watu wa makamo. Programu chache zilizo bora zilikuwa na tofauti ndogo, kwa hiyo muulizeni muuzaji jina na toleo kamili la programu iliyo ndani ya kifaa chake. Asilimia 99 iliyoandikwa kwenye kipeperushi haisemi chochote mpaka ujue ilipimwa kwa nyuso za nani.

Inafaa kuelewa kosa linazaliwaje. Programu haihifadhi "uso" kama tunavyouona. Inaugeuza kuwa mfuatano wa namba, mara nyingi 128 au 512, kisha inapima mfuatano huo uko karibu kiasi gani na ile iliyosajiliwa. Kuna kizingiti: ukaribu ukikivuka, jibu ni "ndiye". Tuseme programu hukosea mara 1 katika kila ulinganisho 10,000. Inasikika safi. Lakini mgeni ambaye hajasajiliwa akipita mbele ya kamera, analinganishwa na wanafunzi wote, tuseme 800, na uwezekano wa kufananishwa na mmoja wao unakaribia 8 kati ya 100. Wakija wageni 50 siku ya wazazi, wanne hivi watapewa majina ya watoto. Ukikaza kizingiti ili kuepuka hilo, unaanza kuwakataa watoto wako mwenyewe: kukataa asilimia 2 tu ni watoto 16 kila asubuhi. Nani atasimama nao? Karani gani, kwa daftari lipi? Swali hili halimo kwenye mapendekezo mengi ninayoyaona, na ndilo linaloamua kama mfumo utadumu kupita muhula wa kwanza.

Tena uso wa mtoto hautulii. Picha ya usajili ya umri wa miaka 11 haifai vizuri akiwa na 13, kwa hiyo pangeni kusajili upya walau kila mwaka. Pacha wanaofanana watachanganywa hata na programu nzuri.

Kazi ya kwanza, kifaa cha mlangoni, ndiyo pekee inayofanya kazi kiufundi. Umbali ni nusu mita hadi mita moja, uso umeelekea kamera, mwanga unaweza kupangwa. Hata hapo pigeni hesabu ya foleni: wanafunzi 800, vifaa viwili, sekunde 3 kwa mtoto, ni dakika 20, tena bila kumhesabu aliyekataliwa mara mbili. Mwalimu anayeita majina 40 kwa sekunde 3 kila moja anamaliza kwa dakika 2, na papo hapo anajua nani ana macho mekundu na nani amekuja bila viatu. Kifaa kiwe na ukaguzi wa uhai, yaani kihakikishe mbele yake kuna mtu na si picha, kwa kamera inayopima kina au kwa mwanga wa infraredi. Bila hivyo, picha kwenye simu inatosha kumwingizia rafiki mahudhurio, na wanafunzi watagundua mapema sana.

Sasa ridhaa, ambayo kwangu ndiyo kiini cha mada nzima. Nenosiri likivuja unalibadilisha. Kadi ikipotea unaifuta. Uso ulioibiwa ukiwa na miaka 12 utabaki kuwa uso wako ukiwa na 50. Wauzaji hujitetea kwamba wanahifadhi "namba tu". Namba hizo ni data ya kibayometriki, zinamtambulisha mtu mmoja, na zipo mbinu za kuzitumia kuunda upya sura inayofanana naye. Kwa hiyo mzazi lazima aweze kusema hapana, na hapana hiyo isimgharimu mtoto chochote.

Nchini Uswidi, shule moja ya Skellefteå ilijaribu mahudhurio kwa kamera mwaka 2018, kwa wanafunzi 22 tu, wote kwa ridhaa. Mamlaka ya ulinzi wa data iliitoza manispaa faini ya kronor 200,000 mwaka 2019, ikieleza kwamba mwanafunzi yuko chini ya mamlaka ya shule, hivyo ridhaa yake si huru. Ufaransa, mahakama ya utawala ya Marseille ilifuta mwaka 2020 majaribio ya malango ya shule mbili za sekondari, na mamlaka ya data ilikuwa imeshasema kwamba beji zingefanya kazi ileile. Uingereza, shule moja ya Essex ilikaripiwa rasmi mwaka 2024 kwa kutumia nyuso kulipia chakula bila kwanza kutathmini athari zake kwa faragha ya wanafunzi. Wazazi walikuwa wametumiwa fomu ya kurudisha iwapo tu hawataki, na kimya kikahesabiwa kuwa ndiyo. Jimbo la New York liliupiga marufuku utambuzi wa nyuso mashuleni mwezi Septemba 2023.

Sasa pimeni kanuni hiyo kwa kila kazi. Mlangoni, mtoto aliyekataa anaweza kupewa kadi. Lakini mkishanunua kadi na kisoma kadi kwa ajili ya wachache, mna mfumo kamili wa mahudhurio tayari, na uso hauongezi kitu ila kuzuia kukopeshana kadi, jambo ambalo mwalimu mmoja mlangoni hulizuia. Kamera ya ukutani ni mbaya zaidi: ili imruke mtoto ambaye mzazi wake amekataa, ni lazima kwanza iukamate uso wake na kuulinganisha. Haiwezi kuheshimu neno hapana. Ndiyo maana jibu langu kwa darasani ni hapana, hata siku kamera zitakapokuwa sahihi kabisa.

Kama bodi bado inataka kifaa cha mlangoni, msianze na watoto. Wasajilini watu wazima wa shule waliokubali kwa maandishi na waliokuwa huru kukataa, wiki mbili, daftari la kawaida likiendelea kando. Kila siku andikeni waliokataliwa na waliochanganywa, mkitenganisha rangi ya ngozi, miwani, hijabu, na saa ya siku, kwa sababu jua la asubuhi na la alasiri haviko sawa. Badilisheni nenosiri la kiwandani siku ya kwanza na kifaa kisiwe na njia ya intaneti isipokuwa muwe mmeamua hivyo wenyewe. Kwenye mkataba iandikwe seva iko nchi gani, nani wa kampuni anaweza kuifungua, kwamba picha za watoto hazitatumika kufunza programu, na kwamba anayehama anafutwa ndani ya siku 30, nakala za akiba zikiwemo.

Na jaribuni ufutaji wenyewe. Siku ya mwisho ya majaribio, mwambieni muuzaji amfute mmoja wa waliosajiliwa na kuwasilisha hati ya ufutaji. Kisha zimeni kifaa, kiwasheni, warudishe nakala ya akiba ya jana yake mbele yenu, na mtu huyo asimame mbele ya lenzi. Kikitamka jina lake, msisaini.