Kabla hujaipenda nakala ya Winchester, itazame risasi yake

Bunduki yangu ya kwanza ya kuwindia hapa Ohio, Marekani, niliinunua kwa macho. Ilikuwa nakala ya Winchester ya 1873 iliyotengenezwa Italia: mtutu wa pembe nane, chuma chenye mawingu ya buluu na kahawia, kitako cha mbao kinachong'aa kama kiatu cha Idi. Nilipousukuma chini wenzo, ule mkono wa chuma wa kuingiza risasi, na kuurudisha, ile sauti ya vyuma kukutana ilinimaliza kabisa. Nikalipa zaidi ya dola 1,000 na kuondoka dukani nikiwa na furaha ya mtoto.

Siku tatu kabla ya msimu wa kulungu nikampelekea mzee mmoja wa Bukavu, jirani yetu hapa Columbus, aliyewinda misimu mingi kuniliko. Bunduki hakuishika. Aliomba risasi, akaizungusha kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha ukucha polepole juu ya ganda.

"Mtoto wangu," akasema, "hii iko na shingo."

Ilikuwa risasi ya aina iitwayo .44-40. Ganda lake hupungua unene kidogo linapokaribia kichwa cha risasi, kiasi ambacho asiyejua hawezi kukiona. Ohio iliruhusu raifu kwa kulungu mwaka 2014, lakini kwa sharti kwamba ganda liwe limenyooka; kipenyo nacho hutakiwa kiwe kati ya .357 na .50 ya inchi. Shingo, hata iwe fupi vipi, haikubaliki. Ndiyo maana hata .30-30, risasi mashuhuri kuliko zote za bunduki za wenzo Marekani, huwezi kumpigia kulungu hapa. Muuzaji hakuniuliza naenda kuwinda nini, nami sikumwambia. Msimu ule nilibaki nyumbani.

Kwa hiyo, wewe unayetaka nakala ya bunduki ya kale kwa ajili ya kuwinda, na si ya kutundika ukutani, anza na mnyama na sheria za jimbo lako, uje kwenye risasi, kisha ndipo uende kwenye bunduki. Mwaka uliochorwa kwenye chuma uwe wa mwisho.

Msituni ninakowinda mimi, kusini-mashariki mwa Ohio, kulungu hutokea kati ya yadi 40 na 70, tena kwa sekunde chache. Huko .44 Magnum inatosha na kubaki. .45 Colt pia inafaa ukiwa karibu. .357 Magnum naiona ndiyo ngazi ya chini kabisa, ya mtu mwenye mkono uliotulia na subira ya kuacha mnyama aende kama amesimama upande usiofaa kulengwa. Ukitaka nguvu zaidi ipo .45-70, ambayo jeshi la Marekani liliianza 1873: kipenyo cha .45 ya inchi, greni 70 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) za baruti nyeusi. Lakini hapa tuwe makini. Risasi za .45-70 zinazouzwa leo hazilingani nguvu. Zipo laini za bunduki za zamani, zipo za kati za bunduki imara za wenzo, na zipo kali za bunduki za kisasa za risasi moja. Zote zinaingia kwenye chemba ileile, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Soma boksi, na usome kitabu cha bunduki yako. .45 Colt nayo ina toleo kali ambalo halitakiwi kabisa kuingia kwenye nakala ya 1873.

Sababu iko ndani ya chuma. Henry ya 1860, Winchester ya 1866 na ile ya 1873 zote hufunga kwa viungo viwili vinavyonyooka kama kiwiko cha mkono. Kiwiko hicho ni kitamu kuendesha, laini kama siagi, ila hakikuumbwa kwa shinikizo kubwa. Mwaka 1886 ukaja mtambo wa John Browning wa Utah, wenye vyuma viwili vinavyopanda wima na kuifunga komeo, kile chuma kinachoziba chemba, kushoto na kulia. Mwaka 1892 mtambo huohuo ukapunguzwa kwa ajili ya risasi fupi. Nakala za 1886 na 1892 hutengenezwa Italia na pia Japani, na kampuni ya Miroku; kampuni ya Rossi ya Brazili nayo hutoa ya 1892 kwa bei nafuu. Kwa kazi ya msituni mimi sisiti: 1892 kwa .44 Magnum, 1886 kwa .45-70.

Henry ya 1860 nakuomba uiache, hata kama shaba yake imekuteka. Haina mbao ya mbele, hivyo unashika mtutu mtupu, baridi au moto. Magazini yake, bomba la kuhifadhia risasi chini ya mtutu, ina mwanya mrefu chini, na kile kipande kinachosukuma risasi hurudi nyuma kila unapofyatua hadi kikutane na vidole vyako. Majani na theluji navyo hupata mlango wa kuingilia.

Magazini za bomba zina jambo jingine la kufa na kupona. Risasi hulala mstari mmoja, ncha ya moja ikigusa fataki (kile kidonge cha nyuma kinachowasha baruti) ya iliyo mbele yake. Ncha kali ya chuma inaweza kulilipua bomba lote mkononi mwako. Tumia vichwa bapa, au vile vya kampuni ya Hornady vyenye ncha ya plastiki laini vilivyotengenezwa kwa bunduki hizi. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliposhuka Mombasa Aprili 1909 alikuwa na Winchester ya 1895 ya .405, na hiyo ina magazini ya sanduku, risasi zikipangwa moja juu ya nyingine. Ndiyo ya pekee katika ukoo huu isiyo na shida ya ncha.

Sasa kitako. Picha zote nzuri zina kitako cha chuma kilichojipinda kama mwezi mwandamo. Kwa .45-70 kinauma vibaya, na ukiumia utaanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Tafuta kitako bapa kama cha shotigani. Nenda dukani umevaa koti la baridi na fulana yako ya rangi ya chungwa, uiinue bunduki macho yakiwa yamefumbwa, kisha uyafumbue. Kama kilengeo hakiko mbele ya jicho, haikutoshi. Ipime na uzito: 1886 ya mtutu wa pembe nane hufika kilo 4, 1892 fupi ya inchi 20 haifiki 3. Tofauti hiyo utaijua saa ya nne ya kupanda vilima.

Kuhusu usalama, wapenda historia hukichukia kile kitufe cha kuzuia bunduki isifyatuke ambacho Miroku huweka nyuma ya nyundo. Kinaziba mahali pa kilengeo cha tundu, ni kweli. Lakini kuishusha nyundo taratibu juu ya risasi hai, kidole gumba kikiwa kimekufa ganzi kwa baridi, si jambo la mgeni. Mimi nilichukua yenye kitufe.

Ile ya 1873 nimeiuza. Sasa nina 1892 ya .44 Magnum, na ingawa bomba lake hubeba risasi nyingi, sheria ya hapa inaniruhusu tatu tu kwa jumla, chemba na magazini. Nataja jina la Mungu ninapofyatua, na kisu kiko kiunoni, maana nikimkuta kulungu bado ana uhai namchinja. Msimu uliopita alikuwa yadi 55. Mzee wa Bukavu alichukua paja moja.