Usitume hiyo advansi Dubai kabla hujasoma hapa

Mkuu, hiyo asilimia 30 ya advansi usiitume. Salamu tutapeana baadaye.

Nimesoma swali lako mara mbili. Unasema umepata dalali Dubai mwenye mashine sita za eksirei za kukagua mizigo, zimetolewa kwenye viwanja vya ndege vya Ulaya, na bei yake haifiki robo ya mashine mpya. Umesoma ripoti inayosema soko la vifaa vya ukaguzi viwanjani litapanda hadi 2030. Sasa unauliza viwanja vya Afrika Mashariki vitanunua nini miaka mitano ijayo, skana za mwili zina nafasi gani, na kama mashine za Kichina zinafaa kuliko za Kiingereza. Mimi nilipofika kwenye "zimetolewa Ulaya, nzima kabisa" nikaweka simu chini. Niliambiwa maneno hayohayo 2022, kwa mpangilio huohuo.

Hiyo ripoti haidanganyi, soko linakua kweli. Lakini angalia pesa inakokwenda. Machi 2023 mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani, TSA, ilitoa mikataba ya hadi dola bilioni 1.3 kwa ajili ya mashine za CT za mabegi ya mkononi, na kampuni zilizogawana ni tatu tu: Analogic, IDSS na Smiths Detection. Uwanja wa Heathrow wa London peke yake ulitangaza mradi wa karibu pauni bilioni 1. Hizo ndizo tarakimu zinazoupandisha ule mchoro uliouona. CT inapiga eksirei kulizunguka begi lote, mkaguzi analigeuza kwenye kioo kama unavyogeuza embe mkononi kutafuta palipooza, na laptopu inabaki ndani ya begi. Sasa uwanja ukishafunga CT, zile za zamani zinazopiga picha ya upande mmoja zinakwenda wapi? Zinang'olewa, zinauzwa kwa bei ya kutupa, zinapanda meli, zinatua kwenye maghala ya Sharjah na Jebel Ali zikikusubiri wewe. Kukua kwa soko kule ndiko kulikoshusha bei ya mashine unazouziwa.

Mimi nilinunua mbili. Za tundu la sentimita 60 kwa 40, zile unazozikuta mlangoni pa uwanja unapopitisha begi la mkononi. Dalali alinitumia video mashine ikiwaka, mkanda unatembea, begi linaingia huku linatokea kule, picha safi. Nikalipa. Na asije mtu hapa kuniambia ilikuwa tamaa. Nilipiga hesabu ya meli, ushuru, usafiri hadi Vingunguti, mpaka posho ya vijana wa kushusha. Ambacho sikukiweka kwenye hesabu ni kwamba mashine ya eksirei ni chombo cha mionzi, na chombo cha mionzi hakiingii nchini kama friji. Kinahitaji kibali cha TAEC, tume ya nguvu za atomiki ya Tanzania, cha kuingiza, cha kumiliki na cha kutumia, na sheria hiyo ipo tangu 2003. Mimi niliijua mzigo ukiwa tayari bandarini. Wakala wangu wa forodha alikuwa ameniapia kwamba ile ni "mashine ya umeme tu". Kila siku niliyokuwa nakimbizana na nyaraka, gharama za kuhifadhi zilikuwa zinahesabika.

Hilo liliniuma, lakini halikuniua. Kilichoniua kilikuwa godauni.

Siku tulipoiwasha ya kwanza, nembo ya uwanja ilikotoka bado ilikuwa imebandikwa ubavuni. Pazia za madini ya risasi, zile za kuzuia mionzi, mlangoni zilikuwa zimechanika vipande viwili. Nikapitisha begi la shule la binti yangu. Madaftari yakatokea rangi ya chungwa kama inavyotakiwa, mkebe wa hesabati ukatokea bluu, na katikati ya picha yote ukapita mstari mweusi, mnene kama kidole, kutoka ukingo hadi ukingo. Ile ni kadi ya vitambuzi iliyokufa. Chochote kinachoangukia kwenye mstari ule mkaguzi hakioni. Fundi akasema tuingie kwenye mfumo wa matengenezo tuone kadi ipi. Mfumo ukadai nywila na ufunguo wa mtengenezaji. Dalali nilipompigia akasema "utaipata tu mtandaoni". Mtandaoni wapi, mkuu?

Nikamwandikia mtengenezaji. Walinijibu kwa adabu kabisa: namba hizo mbili za mashine zimeondolewa kwenye huduma, toleo hilo halitengenezwi tena, spea hawauzi, ufunguo hawatoi kwa mtu asiye kwenye orodha yao. Mwili wa mashine nilikuwa nao Vingunguti, roho yake ilibaki kwa mwenyewe.

Bado nilijipa moyo. Nikaingia NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, nikakuta zabuni ya mashine za ukaguzi, nikaifungua nikiwa na matumaini yote duniani. Sharti la kwanza: barua ya idhini ya mtengenezaji. Halafu mashine iwe mpya, iwe imepimwa na kukubaliwa na ECAC, chombo cha Ulaya cha usafiri wa anga, au TSA, uhakikisho wa spea kwa miaka, mafunzo ya wakaguzi, fundi aliyesomeshwa kiwandani. Sikuwa na cha kupakia hata kwenye kisanduku cha kwanza. Nilikaa mbele ya ule ukurasa hadi ukajifunga wenyewe.

Ukisema basi nitauza hotelini na kwenye maduka makubwa, nilijaribu. Ni kweli kwamba baada ya shambulio la Westgate, 2013, hoteli na maduka ya Nairobi yaliweka ukaguzi mlangoni, na huku kwetu wengine wakafuata. Mkuu wa ufundi wa hoteli moja Zanzibar alivuka bahari kuja kuangalia mashine yangu ya pili, iliyokuwa na nafuu. Hakuuliza bei. Aliuliza: "Ikizima Ijumaa jioni wageni wamejaa, nani anakuja, na anakuja baada ya saa ngapi?" Nikasema tutatafuta fundi. Akafunga daftari lake, akashukuru kwa chai, akawahi boti.

Jumla yake, pamoja na kodi ya godauni, ni milioni 83 zangu na za shemeji yangu. Moja niliiuza vipande. Nyingine ipo mpaka leo chini ya turubai.

Sasa yule dalali. Nina hasira naye hadi leo na sioni haya kusema. Alijua ufunguo haupo. Alijua toleo limekufa, ndiyo maana alizipata. Na yule mshauri aliyeniuzia ripoti ya soko na semina ya saa mbili mtandaoni, akinionyesha mchoro wa "Afrika inakua kwa kasi", hakutamka neno "idhini" hata mara moja. Biashara hii ina watu wanaoishi kwa kumuuzia asiyeweza kupima. Kamwulize James McCormick, Mwingereza aliyeiuzia Iraki vifaa vya mkononi vya "kutambua mabomu" ambavyo asili yake ni kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu. Watu walisimamishwa kwenye vizuizi vya Baghdad na kifaa kisichopima chochote. Alifungwa miaka 10 mwaka 2013. Dalali wangu hakufika huko, mashine zake zilikuwa mashine, ila kamba ya kumfunga mteja ni ileile.

Kwa hiyo nakuomba, na ningekuomba kwa magoti kama ungekuwa karibu: BARUA KWANZA, MASHINE BAADAYE. Barua ya mtengenezaji yenye jina la kampuni yako, inayosema wewe ni wakala wake Tanzania, fundi wako amesomea kiwandani, spea utauziwa. Mchina, Mwingereza, Mmarekani, kanuni ni hiyohiyo. Ukiwa na barua bila mashine hata moja, unaweza kuomba zabuni. Ukiwa na mashine sita bila barua, una sanamu sita.

Na usidhani wakubwa hawaumii. Uingereza iliviwekea viwanja vyake vikubwa ukomo wa Juni 2024 wafunge CT ili ile sheria ya vimiminika visizidi mililita 100, iliyokuja baada ya njama ya 2006 ya kulipua ndege, iondoke. Wengi hawakuwahi. Umoja wa Ulaya nao, Septemba 2024, ukarudisha mililita 100 hata kwenye viwanja vilivyokuwa vimeshanunua na kufunga. Mashine zilikuwa zilezile za jana, mdhibiti ndiye aliyebadilisha neno. Soko hili linapanda na kushuka kwa kalamu ya mdhibiti, na wewe unataka kuweka pesa kabla hujasoma alichoandika mdhibiti wa kwako.

Unachouliza kuhusu miaka mitano: kuna viwanja vipya vya ndege, Msalato Dodoma na Bugesera Rwanda, AFCON 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda na viwanja vya mpira navyo vitahitaji kukagua watu. Lakini mimi nisingefukuzia abiria kabisa. Ningeangalia mizigo. Tangu 2014 shehena inayoruka kwenda Umoja wa Ulaya lazima ipite kwenye mnyororo wa usafirishaji uliothibitishwa kiusalama, na tangu katikati ya 2021 ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, haitaki tena ndege za kimataifa za mizigo ziachiwe ulegevu. Maua, minofu ya samaki, parachichi, vyote vinakaguliwa kabla ya kupaa, na kila mashine inayokagua inahitaji mtu wa kuihudumia saa nane usiku maua yakiwa yanasubiri. Yule wa Zanzibar alikuwa ananiuliza habari ya mtu huyo, mimi nikawa namwonyesha mkanda unavyotembea.

Nijibu hapahapa kwenye uzi: umeshatuma hiyo asilimia 30 au bado? Kama bado, mwombe dalali namba za mashine zote sita, leo hii, uzitume mwenyewe kwa mtengenezaji kwa barua pepe. Akikataa kukupa namba, ufute namba yake.