Jibu: Makro ikiitwa mara mbili, asembla inasema lebo ipo tayari

Ndugu yangu, umesema makro yako ya kusubiri (kipande cha msimbo ulichokipa jina) ikiitwa mara moja programu inapita, ukiiita tena asembla, yaani programu inayogeuza asembli kuwa lugha ya mashine, inagoma kwa sababu lebo `rudia`, jina la mahali pa kurukia, imeshafafanuliwa. Inagoma kwa haki. Makro si funksheni. Maandishi yake hubandikwa upya kila inapoitwa, basi faili moja inajikuta na `rudia:` mbili.

Aliyekujibu kabla yangu amekushauri utumie lebo za namba, `1:` na `1b`. Kosa litaondoka kweli, lakini mimi simpi mtu ushauri huo kwa makro. Niliwahi kuletewa kadi ya pampu ya kisima kutoka Likoni, yenye kidhibiti kidogo cha ATmega328P. King'ora kilitakiwa kugeuzwa mara tano, kikawa kinageuzwa mara moja tu. Nimeifupisha hivi:

```
.macro subiri muda
    ldi r18, \muda
1:  dec r18
    brne 1b
.endm

    ldi r20, 5
1:  sbi 0x03, 5    ; geuza pini ya king'ora
    subiri 200
    dec r20
    brne 1b
```

Tazama `brne 1b` ya mwisho. Mwandishi aliikusudia `1:` yake, ile ya juu ya `sbi`. Lakini `1b` maana yake ni `1` ya karibu zaidi huko nyuma, na ya karibu sasa ni ile iliyoletwa na makro. Ni kama kumwita Ali pale Marikiti: atakayegeuka ni Ali aliye karibu, si lazima awe wako. Programu inaruka kuingia katikati ya makro, inahesabu rejista r18 upya kuanzia sifuri, inatoka, inapunguza r20. Mara tano zinatimia, `sbi` imefanyika mara moja. Na asembla kimya! Bora kosa lako wewe, linaloonekana.

Kwa asembla ya GNU, ambayo ndiyo avr-gcc inayotumia, dawa ni `\@`:

```
.macro subiri muda
    ldi r18, \muda
.Lsubiri\@:
    dec r18
    brne .Lsubiri\@
.endm
```

`\@` ni hesabu ya makro zote zilizokwisha kutekelezwa, kwa hiyo kila mwito una namba yake. Hapo mwanzo, `.L` huifanya lebo isiingie kwenye jedwali la majina la faili ya objekti. Angalia tu kwamba makro ikiita makro nyingine, ile ya ndani ina namba nyingine. Ukitaka ya ndani iruke kwenye lebo ya nje, ipitishe kama hoja: `ndani .Lnje\@`. (Na r18 nayo inaharibiwa bila anayeita kujua. Andika hilo juu ya makro.)

Ukihamia NASM, asembla ya prosesa za x86, tumia `%%rudia`. Usiweke lebo ya kawaida ndani ya makro hata kama unaiita mara moja, maana lebo zote za nukta zinazofuata, kama `.mwisho`, zitahesabiwa kuwa zake, na ruko lako la kwenda kwenye `.tena` iliyo juu litakosa pa kwenda. `%%` haina madhara hayo. Ila makro mbili za kufungua na kufunga, mfano `kama` na `mwisho_kama`, haziwezi kushirikiana `%%`. Hapo tumia muktadha wa pamoja: `%push` kuufungua, `%$lebo` kwa lebo yake, na `%pop` kuufunga. MASM, asembla ya Microsoft, ina `LOCAL`, ikae mara tu baada ya mstari wa `MACRO`.

Asembli iliyo ndani ya C nayo ina shida hiyo hiyo, kwa kuwa GCC inaweza kuinakili funksheni mahali pengi. Huko andika `%=` mwishoni mwa jina la lebo.

Ukibadilisha na bado ikakataa, endesha `avr-as -mmcu=atmega328p -alm` kwenye faili yako. Itakuonyesha makro zikiwa zimeshafunguliwa, mstari kwa mstari. Bandika hapa sehemu yenye lebo tuitazame.