Wasomaji Wanauliza: Bahari Inapanda, au Tunatishwa Tu?

SWALI: Ndugu Mhariri, assalamu alaykum. Mimi ni mkulima wa mpunga Wilaya ya Micheweni, Pemba. Kila mwaka shehia yetu hupokea wageni wa gari za mradi wanaotueleza kuwa bahari inapanda, kuwa visiwa vitazama, na kuwa tuache kukata mikoko kwa boriti na kwa tanuri za chokaa. Tunapewa fulana na maji ya chupa, tunapigwa picha, kisha wanaondoka. Wakati huohuo wenye fedha wanajenga hoteli hadi ukingoni mwa maji na hatusikii wakiitiwa mkutano. Marehemu babu yangu alikuwa akisema kwamba tangu ujana wake aliambiwa dunia inakwisha. Je, nitakosea nikiamini kuwa maonyo haya ni njia ya wanasiasa na mashirika kujipatia fedha?

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu yetu. Barua yako ina maswali mawili yaliyofungwa kwa kamba moja: kama bahari inapanda kweli, na nani anafaidika kwa kukwambia hivyo. Hao wageni wako nao huyafunga pamoja, wakidhani kuwa anayewatilia shaka wao ameikana bahari. Tuyafungue.

Wazee wa Unguja wana kisa kinachofaa hapa. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaamuru wakulima wa Kiembesamaki wapeleke ng'ombe wao kuchanjwa dhidi ya kimeta. Walikataa, baadhi yao wakashitakiwa, na mwezi Julai polisi wakaufyatulia risasi umati uliotaka kuwaokoa waliohukumiwa. Watu wakafa, na tukio likabaki na jina la Vita vya Ng'ombe. Kimeta ni maradhi ya kweli, yanaua ng'ombe na yanaua mtu. Lakini aliyekuwa akionya ndiye yuleyule aliyekwisha kuchukua mashamba ya watu kwa ajili ya uwanja wa ndege. Naona wakulima wale walikuwa na haki ya kutomwamini msemaji, na ng'ombe wao walikuwa bado wanahitaji kinga.

Babu yako naye hakuota. Mwaka 1968 Mmarekani Paul Ehrlich alitangaza kuwa mamia ya mamilioni ya watu wangekufa kwa njaa katika miaka ya 1970. Zikaja mbegu mpya za ngano na mpunga, mavuno ya India na kwingineko yakaongezeka, na balaa la kiasi hicho halikutokea. Mwaka 1988 ofisa wa mazingira wa Maldives alinukuliwa akionya kuwa visiwa vyao vingeweza kufunikwa na maji ndani ya miaka 30, na mpaka leo vinapokea watalii. Ripoti ya 2007 ya jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi iliandika kuwa barafu ya milima ya Himalaya ingeweza kutoweka ifikapo 2035. Mapema mwaka 2010 jopo lenyewe likakiri kuwa maneno hayo hayakuwa na msingi. Tunapenda kusema lisemwalo lipo, na kama halipo lipo njiani. Ni msemo mtamu barazani, ila kwa mambo ya kupimwa naona unatupoteza.

Waliokosea hivyo walitaja mwaka wa maafa. Kipimo ni jambo jingine. Kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi, na tangu 2006 hadi 2018 ulikuwa ukipanda kwa takriban milimita 3.7 kila mwaka. Wala hapa kwetu haikwenda kwa mstari ulionyooka: kipimo cha maji cha bandari ya Unguja, kilichoanza kazi katika miaka ya 1980, kwa takriban miaka 20 ya mwanzo kilionyesha maji yakishuka, kisha yakapanda, kwa kuwa pepo na joto husogeza maji huku na kule ndani ya bahari hiyohiyo. Mjanja mmoja angeweza kuichukua miaka ile ya mwanzo peke yake akasema bahari haipandi, kama mjanja mwenzake anavyolichukua bamvua moja kubwa, yale maji yanayojaa kupita kawaida, akasema tunazama. Na si kila dhoruba ni ya tabianchi: tufani la Aprili 1872 liliing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiachia Pemba ufalme wa karafuu, wakati ambapo hata gari la petroli lilikuwa halijabuniwa.

Kuhusu fedha, shaka yako ina mashiko. Mwaka 2009 nchi tajiri ziliahidi kuzichangia nchi maskini dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020 kwa ajili ya tabianchi, na penye fungu kama hilo hapakosi wa kulia kwa sauti kubwa. Oktoba ya mwaka huohuo Rais Mohamed Nasheed wa Maldives aliwaongoza mawaziri wake katika kikao chini ya maji, wamevaa vifaa vya kuzamia, ilhali nchi yao ilikuwa ikijaza mchanga baharini kutengeneza kisiwa kipya cha Hulhumalé tangu 1997. Kiongozi ambaye hakulitengeneza tuta la kuzuia bahari naye huona wepesi kuitaja tabianchi bonde la mpunga likiingia maji ya chumvi. Lakini usisahau kuwa anayekwambia hakuna lolote naye ana biashara yake: ng'ambo anauza mafuta, na kwetu anauza viwanja vya ufukweni.

Mikoko huvunja nguvu ya mawimbi, huzuia udongo na huwalea kaa na samaki wadogo, na hilo ni kweli hata kama limeandikwa kwenye fulana. Mkutano ujao muulizeni mgeni, mbele ya sheha, ni kiasi gani cha mradi kimekwenda kwenye tuta na kiasi gani kwenye semina, na hoteli zimeelezwa nini. Kisha chomekeni nguzo yenye alama ukingoni mwa bonde lenu, muandike kila bamvua maji yalipofika, daftari likae kwenu.

SWALI: Mimi ni mkulima wa mwani, Jambiani. Kotonii yetu, ule mwani wa bei kubwa, ilikufa. Wengine wanasema ni joto, wengine wanasema wanunuzi walituletea mbegu mbovu ili tubaki na spinosamu, aina nyingine ya mwani, ya bei ndogo. Nimwamini nani?

JIBU: Mama yetu, joto lina sehemu kubwa, kwa sababu kotonii hupauka matawi na kukatika pale maji machache ya kupwa yanapochemka juani. Mbegu nayo si ya kupuuzwa: tangu kilimo hiki kilipoanza mwaka 1989 tunapanda vipande vya vipande vya mwani uleule ulioletwa kutoka Philippines. Mnunuzi hakuipasha moto bahari. Jaribuni kufunga kamba chache kwenye kina kirefu zaidi, mkiwa na chombo na mtu ajuaye kuogelea, muone kama kotonii itasimama. Na shaka yenu kwa mnunuzi iwekeni siku ya mizani.