Msifunge kipimajoto juu ya paa. Upepo juu, joto chini

Mleta uzi, shikeni hapo hapo. Huo mlingoti usipande Jumamosi kabla hujasoma hii mpaka mwisho.

Umeandika kwamba karakana yenu ya jamii inataka kujenga kituo cha hali ya hewa, imepata watu wa kujitolea, vihisi mmeshanunua, na mpango ni kufunga kila kitu kwenye mlingoti mmoja juu ya paa la bati: kipimaupepo kileleni, kipimamvua katikati, na BME280 (kihisi cha joto, unyevu na mgandamizo wa hewa) chini kabisa, ndani ya kiboksi cheupe pamoja na ESP32 (ile bodi ndogo ya kompyuta yenye Wi-Fi), karibu na bati ili waya uwe mfupi. Halafu ukauliza bodi ipi ni nzuri, sola ya ukubwa gani, na data zirushwe vipi mtandaoni. Wachangiaji wa juu wamebishana kuhusu bodi kurasa mbili nzima. Hakuna hata mmoja aliyegusa hicho kiboksi, na hicho ndicho kitakachowaponza.

Kipimajoto hakikai juu ya paa. Mengine yote mtayarekebisha huko mbele ya safari, hili halirekebishiki.

Sisi tulifunga hivyo hivyo mnavyotaka kufunga ninyi. Kikundi kama chenu: mchomeleaji, fundi simu, wanafunzi wachache, na mwalimu mstaafu aliyekuwa anaandika kila kitu daftarini. Kazi ilikuwa safi. Boriti tulifunga kwenye kenchi, si kwenye bati tupu, matundu yote yalipita mgongoni mwa bati na kuzibwa kwa mpira, hakuna tone lililovuja. Namba zikaanza kuingia na kila mtu akaziamini, maana mchana kulikuwa na joto na kituo kilisema kuna joto. Ubaya wa namba mbovu za namna hii ni kwamba zinafanana na ukweli.

Aliyezistukia ni yule mwalimu. Alikuwa ametundika kipimajoto cha kawaida kivulini, kwenye upenyo wa hewa, akawa anasoma saa zile zile. Mchana kituo kilikuwa juu ya chake kwa nyuzi nne, siku nyingine zaidi. Tukamwambia kipimajoto chake kimezeeka. Akatuonyesha kitu kingine kwenye grafu yetu wenyewe: kila wingu lilipopita mbele ya jua, mstari wa joto ulianguka nyuzi mbili tatu ndani ya dakika chache, kisha wingu likiondoka unapanda tena. Hewa ya nje haipandi na kushuka hivyo kwa kila kiwingu. Kinachofanya hivyo ni bati na kiboksi. Tulikuwa tunapima joto la paa letu, tunaliita hali ya hewa.

Bati likipigwa na jua la mchana huwa kikaango, mkono mtupu hauliwezi. Hewa iliyolilalia inapata moto wake, na kihisi chako kimekaa humo humo. Ongeza kiboksi kilichofungwa: hata kikiwa cheupe, plastiki inapata joto la jua na hewa ya ndani haina pa kutokea. Ongeza ESP32 yenyewe, ambayo kila ikirusha data kwa Wi-Fi inatoa joto lake, sentimita chache kutoka kwenye BME280. Hayo ni majoto matatu, na hakuna hata moja ambalo ni la hewa.

Sasa utaniambia: basi tupunguze nyuzi nne kwenye programu, mambo yaishe. Nasi tulijaribu. Usiku wa anga wazi bati linafanya kinyume. Linatoa joto lake kuelekea angani haraka, linapoa kuliko hewa, ndiyo maana alfajiri unalikuta limelowa umande wakati ukuta ni mkavu. Kwa hiyo mchana kituo kinasoma juu, usiku kinasoma chini, siku ya mawingu na upepo kinakaribia ukweli. Utapunguza ngapi, na saa ngapi? Kosa linategemea jua, upepo, mawingu, na hata rangi ya bati inavyochakaa. Hakuna fomula ya kuliokoa hilo.

Na halikuishia kwenye joto. Unyevu wa hewa unaosomwa kwa asilimia unategemea joto la mahali kihisi kilipo. Chukua hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 70. Ipashe moto mpaka nyuzi 34 bila kuongeza wala kupunguza maji, kihisi kitakuambia asilimia 56 hivi. Maji ni yale yale, namba imeanguka. Watu wa bustani waliokuwa wanafuatilia kituo chetu ili wajue lini ukungu wa majani unaweza kushambulia walikuwa wanaambiwa hewa ni kavu, na haikuwa kavu. Hapo ndipo iliponiuma hasa. Data za kiangazi kizima zikaenda arijojo, na pamoja nazo imani ya watu waliokuwa wanafungua ukurasa wetu kila asubuhi.

Nani alituambia tufunge hivyo? Muuzaji wa ile seti. Karatasi yake ilisifu kwamba kila kitu kimekaa pamoja na kwamba kadiri unavyofunga juu ndivyo bora. Na jamaa mmoja wa video, amesimama juu ya paa asubuhi, jua halijawaka, anakaza bolti ya mwisho huku anatabasamu. Hakurudi saa nane mchana kuonyesha grafu. Hakuweka kipimajoto cha pili pembeni hata mara moja. Wote wawili wanajua kwa nini vihisi vinarundikwa kiboksi kimoja: ni rahisi kuuza na waya unakuwa mfupi. BME280 inazungumza na bodi kwa I2C, na I2C ilitengenezwa kwa umbali mdogo, ukivuta waya mita nyingi data zinaanza kukatika. Hiyo ni shida ya waya. Mtu mkweli angekuambia hivyo, wala asingeigeuza kuwa ushauri wa mahali pa kufunga.

Haya mambo si siri wala si maoni yangu. Mwongozo namba 8 wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani unataka joto la hewa lipimwe kati ya mita 1.25 na mita 2 kutoka ardhini, mahali pa wazi, juu ya nyasi au udongo wa kawaida wa eneo hilo. Upepo unataka mita 10 juu ya ardhi ya wazi, mbali na vizuizi angalau mara kumi ya urefu wake. Vimo viwili tofauti kabisa. Mwaka 2006 shirika hilo hilo lilitoa mwongozo wa vituo vya mijini ulioandikwa na Tim Oke, bingwa wa hali ya hewa ya miji, naye anaonya waziwazi kuhusu kupima joto juu ya mapaa. Kile kibanda cheupe chenye mbao za mlazo unachokiona kwenye vituo vya serikali kilibuniwa na Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa wa Uskoti, tangu karne ya 19. Tatizo lilijulikana kabla umeme haujaingia majumbani.

Kwa hiyo mfanye hivi. Tafuteni kipande cha uwanja penye nyasi, mbali na ukuta na mbali na zege. Simamisheni nguzo ya mita moja na nusu. Kihisi kiingie kwenye kinga ya sahani: sahani nyeupe za plastiki zilizofudikizwa, zimeachiana nafasi kwa vipande vya bomba, ya juu nzima, zinazofuata zimetobolewa katikati, na kihisi kinaning'inia humo bila kugusa plastiki. Hewa ipite pande zote, jua lisipenye upande wowote. Bodi isiwe ndani ya kinga, iwe kwenye kiboksi chake chini ya nguzo, na ilale usingizi kati ya kipimo na kipimo. Kama hamtaki bodi ya pili huku uwanjani mbali na ile ya paa, tumieni DS18B20 ya kuzuia maji, kihisi cha joto pekee, hiyo inavumilia waya mrefu ukiiwekea rezista ya kilo-omu 4.7.

Kabla ya yote, jaribuni vihisi vyote pamoja. DS18B20 itumbukizeni kwenye barafu iliyopondwa na maji kidogo, mkoroge, isome sifuri au jirani yake wa nusu nyuzi. Kisha vyote vikae kinga moja, kwa siku zenye jua kali na usiku wa anga wazi, muone kama vinakubaliana. Vikikubaliana, kimoja kipandisheni kwenye paa kwa muda ili kila mwanakikundi aone tofauti kwa macho yake. Ubishi utakwisha hapo.

Mgandamizo wa hewa usiwape presha, hata chumbani unasomeka sawa. Mrekebishe tu kulingana na kimo chenu kutoka usawa wa bahari, huko chini ni karibu hektopaskali 1 kwa kila mita 8. Kipimamvua nacho kishuke, mlingoti ukitikisika kwa upepo kale kakikombe ka ndani, kanakohesabu mvua kwa kupinduka kila kakijaa, kanapinduka kenyewe na mnaandika mvua ambayo haikunyesha. Kikae sawa kwa timazi, halafu mmimine maji mliyoyapima, polepole: mdomo wenye kipenyo cha sentimita 20, mililita 314 ni mvua ya milimita 10. Kama kila pinduko ni milimita 0.2, mhesabu 50.

Wala sina ugomvi na paa, msinirushie mawe. Kipimaupepo ni chake, na mlingoti mrefu zaidi ni bora zaidi, kwa sababu hewa inayogonga jengo inazunguka hovyo juu ya bati. Ila anayepanda afungwe mkanda, na suala la radi na ethi mpeni fundi umeme mwenye leseni, asiwe mtu aliyejifunza juzi.

Kama jengo limebana na hamna uwanja hata kidogo, omba kona kwa shule au jirani mwenye bustani. Hilo likishindikana, andikeni kwenye ukurasa wenu kwamba joto limepimwa juu ya paa la bati, ili mtu asije akapanga shamba kwa namba hizo.

Piga picha za uwanja wenu pande zote nne uziweke hapa, tutafute pamoja pa kusimamisha nguzo. Ya paa mtafunga wiki ijayo, upepo hauishi.